Gari la mvuke lianze chini, si kwenye boila

Mhariri,

Vijana wengi wanaounda magari madogo ya mvuke kwa maonyesho ya sayansi shuleni huanza na boila, wakaja kwenye injini, halafu magurudumu yakachomelewa vivyo hivyo tu. Mvuke unapatikana, injini inazunguka vizuri, lakini gari halikati kona.

Kosa la kwanza liko nyuma. Magurudumu mawili yakikazwa kwenye ekseli moja bila difu (gia zinazoruhusu kila gurudumu lizunguke kwa kasi yake), moja lazima liburuzwe kwenye kona, kwa sababu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Hata mkokoteni wa Marikiti, kila gurudumu huzunguka kivyake. Ukikosa difu ndogo, kaza gurudumu moja kwa pini na la pili liache huru kwenye bushi (kijibomba cha kuzungukia) ya shaba. Gari litavuta upande kidogo, si neno.

Mbele ndiko kwenye hesabu. Gurudumu la ndani hupinda zaidi ya la nje. Tuseme ekseli mbili zimeachana milimita 300 na kingpini, yaani pini za wima ambazo magurudumu ya mbele hupindia, zimeachana milimita 130. Chora mstari kutoka kila kingpini hadi katikati ya ekseli ya nyuma. Mkono wa usukani, yaani kipande kinachotoka kwenye kingpini kupindisha gurudumu, ulale juu ya mstari huo. Ukirudi nyuma ya kingpini milimita 30, kila mkono utakuwa umeingia ndani milimita 6.5, kwa hivyo fimbo ya kuunganisha mikono iwe 117. Ukiikata 130, mikono itakuwa sambamba, magurudumu yatapinda sawa, na tairi litakwaruza sakafu kila kona.

Springi za bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kama za lori, ndizo huwachanganya watu zaidi. Ukiunda lori dogo mara 8 kuliko la kweli, kila kipimo kikigawanywa kwa 8, na chuma kilekile, ugumu wa springi hupungua mara 8, lakini uzito hupungua mara 512. Ndiyo maana springi inapendeza kwa macho na haipindi hata kidogo. Dawa ni wembamba: unene ukipungua nusu, ugumu unabaki thumni. Bledi za msumeno wa chuma zinafaa, ile aina inayopinda bila kukatika. Saga meno kwanza. Usiipashe moto katikati ili utoboe, kwani hapo ndipo italegea. Ifunge kwenye ekseli kwa yu-boliti (boliti iliyopindwa kama herufi U). Anza na bledi 2, jaza boila maji, weka gari lote juu yake, kisha ongeza moja moja mpaka springi iwe inashuka kama milimita 3 tu. Ncha moja ishikwe na pini, nyingine na shakeli (kiungo kinachobembea), maana springi ikilala hurefuka. Ukibana ncha zote mbili ni kama umeweka nondo.

Kama ekseli ya nyuma inavutwa kwa cheni, weka fimbo ya kuizuia isisogee mbele na nyuma, na egemeo lake liwe karibu na kitovu cha sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya injini. La sivyo cheni italegea na kukaza kila tairi likipanda kokoto.

Tena kuna hewa yetu ya chumvi. Kingpini ya chuma ndani ya tundu la chuma itashika kutu, kwa hivyo tia bushi ya shaba na grisi kidogo tu. Ikizidi hunasa mchanga, na mchanga ukishaingia humo unasaga kama tupa.

Mpenda magari ya mvuke,
Majengo, Mombasa