Malalamiko kuhusu beringi iliyoganda na uharibifu uliofanyika wakati wa kuitoa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA KUTOA BERINGI ILIYOGANDA, GURUDUMU LA MBELE KUSHOTO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilileta gari langu kwenye gereji yenu kwa kazi moja tu, nayo ni kutoa beringi ya gurudumu la mbele kushoto na kuweka mpya. Nimerudishiwa gari lenye beringi mpya inayovuma, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) inayowaka muda wote, na nyumba ya beringi iliyovunjika mahali pasipofaa kuungwa. Nilipofika mapokezi kulalamika nilijibiwa kwamba gari ni la zamani na kutu imelila, hivyo hakuna mnachodaiwa. Jibu hilo silikubali. Naandika ili mjue ni nini hasa kilichoharibika, kimeharibika vipi, na nataka kitengenezwe kwa gharama ya nani.

Kwamba gari ni la zamani, hilo sibishi. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Siku ninalikabidhi nilieleza kwamba mvumo unaongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na nikikata kulia unazidi, kwa sababu uzito wa gari unahamia gurudumu la kushoto. Nilisema pia kwamba beringi hiyo haijawahi kuguswa kwa miaka mingi na bila shaka imeganda. Mpokeaji wenu aliandika hivyo kwenye kadi ya kazi, akaongeza kwamba kazi itahitaji muda na presi, yaani mashine ya kukandamiza. Nakala ya kadi hiyo nimeiambatanisha. Kwa hiyo kutu haikuwashtukiza. Mliipokea ikiwa imeandikwa, mkakubali kazi, na bei mkapanga wenyewe mkijua.

Kuganda kwa beringi si muujiza. Nyumba ya beringi kwenye gari hili, yaani ile sehemu inayoshika habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), kalipa ya breki (kinachobana pedi kwenye disiki) na boljointi (kiungo kinachoruhusu gurudumu kukata kona), ni ya alumini, na ringi ya nje ya beringi ni ya chuma. Metali hizi mbili zikikaa pamoja huku maji yanapenya kati yake, hasa maji yenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Inatoa unga mweupe ambao unavimba na kuibana beringi mpaka inakuwa kama imezaliwa humo. Fundi yeyote aliyefanya kazi na magari yenye umri anaujua unga huo, na anajua kwamba hautoki kwa hasira.

Sasa nieleze nilichokikuta. Baada ya majibu ya mapokezi nilipeleka gari kwa fundi mwingine alifungue mbele yangu, na kila sehemu nimeipiga picha kabla haijasafishwa.

Kwanza ni ile pete ya chuma inayokaa kwenye mfereji ndani ya nyumba ili kuizuia beringi isitembee. Pete hii hutolewa kwanza kabisa, kabla ya nguvu yoyote kutumika, kwa sababu ikibaki ndiyo inayopokea mapigo yote. Kwenye gari langu pete ilikuwa imeshikwa na kutu, na inavyoonekana ilikatika ikatoka nusu. Nusu nyingine iliachwa ndani ya mfereji, kisha beringi ikapigwa nyundo kutoka nyuma. Matokeo yake ni kwamba mdomo wa mfereji umemeguka, na kipande kilichomeguka ni kirefu zaidi ya upana wa kidole gumba. Alama za nyundo ziko pale, zimepishana, nyingine zimeteleza zikachimba mahali inapokaa sili ya kuzuia maji na uchafu. Pete mpya mliyoweka imeshikwa upande mmoja tu. Upande wa pili imening'inia hewani.

Naomba mlitazame jambo hili kwa uzito wake, kwa sababu linahusu uhai wa watu. Pete hiyo ipo ili beringi isihame gari linapokata kona. Gari limetoka mikononi mwenu likiwa na pete isiyoshika, na mtu aliyenikabidhi ufunguo alisema kila kitu kiko sawa. Watoto wangu wamepanda gari hilo.

Pili, moto. Boljointi ya chini imeungua mpira wake, grisi imetiririka ikakauka kwenye disiki ya breki, na waya wa sensa ya ABS umeyeyuka ganda lake kisha ukafungwa utepe mweusi. Mlichoma kwa gesi. Sikatai matumizi ya joto, maana alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma inapopashwa, na joto la wastani linalozungushwa sawasawa kwenye nyumba hulegeza ule mbano vizuri sana. Lakini sensa hutolewa kwanza, na boljointi hufunguliwa au nyumba nzima hushushwa ikapelekwa mezani. Na alumini ina hatari ambayo chuma hakina, kwa kuwa haiwi nyekundu kukuonya. Inayeyuka kwenye nyuzi joto 660 hivi za Selsiasi bila kubadilika rangi mbele ya macho yako, na ugumu wake huanza kupotea mapema kabla ya hapo. Mtu anayeelekeza moto wa gesi sehemu moja huku anasubiri rangi ibadilike anaharibu kitu asichokiona. Kwa sababu hiyo siwezi kukubali nyumba hii ichomelewe na kurudishwa, hata kama mfereji ungeweza kuzibwa. Hakuna anayejua imebaki na nguvu kiasi gani.

Tatu, habu. Habu ilipochomoka iliondoka na ringi ya ndani ya beringi imeishikilia, jambo la kawaida kabisa beringi ikiwa imeganda, na halimlaumu mtu. Njia ya kuitoa inajulikana. Unaikata ringi kwa grainda, mshazari, karibu kuimaliza lakini usiifikie habu, kisha unaweka tindo kwenye mkato na kugonga mara moja. Chuma cha beringi ni kigumu lakini hakina unyumbufu, kwa hiyo kinapasuka chenyewe na ringi inalegea. Aliyeifanya kazi hii aliendelea kukata. Kwenye kikao cha beringi mpya, pale panapotakiwa kuwa laini kabisa, kuna mfereji ambao kucha inakwama ukiipitisha. Beringi mpya imewekwa juu ya mfereji huo huo.

Shafti inayozungusha gurudumu nayo ina kesi yake. Ili itoke kwenye habu iligongwa kichwani bila hata kuacha nati ikinge meno. Kichwa kimetanuka, meno ya mwanzo yamelala, yakachongwa kwa tupa ili nati ipite. Nati yenyewe ni ya zamani, ile ile inayofungwa kwa kuminywa ukingo wake uingie kwenye mkato wa shafti, ambayo haifai kutumika tena ikishafunguliwa. Mmeiminya mara ya pili mahali pengine. Nati mpya imo kwenye ankara yenu na nimeilipia.

Nakuja kwenye beringi mpya, ambayo ndiyo inayonisikitisha kuliko vyote kwa sababu haikuwa na kutu wala umri wa kusingiziwa. Niliinunua ikiwa kwenye boksi lake lililofungwa. Fundi aliyelifungua gari aliikata beringi hiyo mbele yangu tukatazama ndani. Kwenye njia ya gololi kulikuwa na vishimo vidogo vinavyong'aa, vimepangwa kwa nafasi sawasawa kuzunguka ringi, na nafasi hiyo ni ile ile iliyopo kati ya gololi moja na nyingine. Ukiziweka gololi juu yake kila moja inalala kwenye kishimo chake. Alama ya namna hiyo haitokani na barabara mbovu. Inatokea pale beringi inaposukumwa ndani ya nyumba kwa kukandamiza ringi ya ndani, nguvu yote ikapita kwenye gololi badala ya kupita kwenye ringi ya nje. Kanuni ni nyepesi: ukiingiza beringi kwenye nyumba unasukuma ringi ya nje, na ukiingiza habu kwenye beringi unaikinga ringi ya ndani kwa nyuma. Asiyefanya hivyo ameiua beringi kabla haijazunguka hata mara moja, na ndiyo maana mvumo ulianza siku ile ile.

Tena imewekwa kinyume. Beringi hii ina upande mmoja wenye sili ya sumaku ambayo sensa ya ABS huisoma kujua kasi ya gurudumu, na upande huo lazima uelekee sensa iliko. Sili ya sumaku nimeikuta upande wa nje, kwenye habu. Hata waya usingeungua, taa ya ABS ingewaka tu. Hapo napo mapokezi waliniambia ni umeme wa magari ya zamani.

Naijua kazi hii ilivyo ngumu, na sidai miujiza. Nilitarajia mafuta ya kupenya kutu yamwagwe na kuachwa yafanye kazi usiku kucha, pete itolewe yote hata kama ni kwa vipande, nyumba ishushwe kwenye gari, ipashwe kiasi, iwekwe kwenye presi ikiwa imeegemezwa sawasawa ili isipinde. Kama bado ingegoma, ringi ya nje ingeweza kukatwa kwa uangalifu kutoka ndani. Na kama hata hilo lingeonekana kuhatarisha nyumba, nilitarajia simu. Namba yangu iko kwenye kadi. Mngeniambia kwamba imegoma na nyumba inaweza kuharibika, ningetafuta nyumba nyingine yenye hali nzuri na tungeelewana nani anabeba nini. Hakuna aliyenipigia. Uamuzi wa kuendelea kupiga nyundo mliufanya bila mimi, kwa mali yangu.

Hapa naomba niseme neno kuhusu fundi kijana aliyefanya kazi hii. Nilipomuuliza alinijibu kwa adabu na bila kuficha, kwamba presi ya gereji ilikuwa na foleni, kwamba aliambiwa gari litoke kabla ya jioni, na kwamba hakuna aliyemwonyesha upande wa sumaku. Malalamiko yangu hayaelekezwi kwake. Aliyempa kazi ya presi bila presi, akampa na saa ya kumaliza, ndiye anayepaswa kujibu. Nitasikitika sana nikisikia kijana huyo amekatwa mshahara ili mimi nilipwe.

Hoja ya umri wa gari naijibu hivi. Kutu, unga mweupe na ringi ya ndani kubaki kwenye habu ni vya gari langu, na kama vingeongeza muda wa kazi ningelipa muda huo. Mdomo wa mfereji uliomeguka, mpira ulioungua, mfereji wa grainda kwenye habu, meno ya shafti yaliyolala, nati iliyorudishwa na beringi mpya iliyopondwa na kugeuzwa havikuwemo gari lilipoingia getini kwenu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholetwa na miaka.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mnipatie nyumba ya beringi nyingine isiyo na kasoro, habu mpya, shafti au kichwa chake kibadilishwe, boljointi, sensa, nati mpya, pamoja na beringi mpya yenye hadhi sawa na niliyoinunua. Disiki na pedi za breki zilizoingia grisi zibadilishwe pia, sitaki zioshwe. Kazi ya kufunga sitaki ifanyike kwenu. Nataka ifanywe na fundi nitakayemchagua, na ankara yake muilipe ninyi. Nirudishiwe malipo yote ya ufundi niliyotoa. Nati ya shafti ifungwe gurudumu likiwa halijabeba uzito wa gari, kwa spana ya kupimia na kwa kipimo cha mtengenezaji, na kipimo hicho kiandikwe kwenye ankara. Hili la mwisho nalisisitiza kwa sababu kwenye ankara yenu kisanduku cha kipimo kimeachwa wazi.

Sehemu zote zilizoharibika ninazo, zimefungwa na kuwekwa alama, na sitazitoa mpaka suala hili liishe. Mwakilishi wenu anakaribishwa kuja kuzitazama akiwa na fundi yeyote mnayemwamini. Akija naomba aje na hiyo beringi ya zamani, ambayo niliiomba siku ya kuchukua gari nikaambiwa imeshatupwa, kisha kesho yake nikaiona kwenye ndoo ya vyuma chakavu nyuma ya gereji yenu.

Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Majibu ya simu au ya mapokezi sitayahesabu. Muda huo ukipita kimya, nitalipeleka suala hili kwenye chombo kinachosimamia haki za walaji pamoja na picha zote, kadi ya kazi, ankara na maelezo ya maandishi ya fundi aliyelifungua gari. Kwa sasa gari liko juu ya stendi, halitembei, na gharama za usafiri wa familia yangu katika kipindi hiki nitaziongeza kwenye madai.

Wako,

Mteja, mwenye gari