Barua ya wazi kwa binamu yangu, mheshimiwa wa chama kidogo katika Bunge la Kaunti ya Nairobi

Binamu,

Nasikia wamekufuata tena. Wanataka uhamie chama kikubwa kabla ya uchaguzi wa 2027, na nawe hujawafukuza. Usihame sasa. Kifungu cha 194 cha Katiba hakina utani: aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama akikihama, kiti nacho kinakwenda. Hao wanaokubembeleza wanalijua hilo vizuri.

Najua upweke unakuuma. Wadi za Nairobi ni 85, na wenye vyama kama chako wanahesabika kwa vidole. Hata nafasi ya kamati unaipata kwa hisani ya viranja wa mirengo mikubwa, wale wanaowaelekeza wajumbe wao namna ya kupiga kura.

Lakini kuna siku hesabu hugeuka. Hoja ya kumng'oa gavana huanza na theluthi moja ya wajumbe, na haipiti bila theluthi mbili ya wote. Desemba 2020 Mike Sonko, aliyekuwa gavana wa Nairobi, aliondolewa kwa njia hiyo, Seneti ikaidhinisha. Ikifika siku kama hiyo simu yako haitalala. Watu wanaokupita kwenye ngazi za City Hall, makao ya kaunti, kama hawakuoni watakuita "ndugu yangu", na bahasha haitakuwa mbali. Mrudishie aliyeileta. Kisha piga kura yako ukiwa umesoma mashtaka, maana wengine watakuwa wamesoma ujumbe wa kiranja tu.

Kazi yako hasa iko kwenye bajeti. Makadirio hufikishwa bungeni kufikia 30 Aprili: buku nene, maandishi madogo, hakuna anayelitamani. Lifungue. Ukikuta mtaro wa wadi yetu umetengewa pesa mwaka wa pili mfululizo, na sisi bado tunaruka maji kwenda stejini, omba taarifa. Ombi la taarifa halihitaji wingi wa kura. Linaelekezwa kwa kamati, mwenyekiti anasimama kujibu, na jibu linaingia kwenye kumbukumbu za bunge.

Kuhusu karo, matanga na nauli za kila asubuhi langoni kwako, hapo sina dawa. Wapiga kura wanadhani hazina ya kaunti iko mfukoni mwako, ilhali Sheria ya Serikali za Kaunti inakukataza hata kujiingiza kwenye kazi za watendaji. Waeleze hivyo kwenye baraza, mbele ya wazee, usiwaachie wapambe wako wakusemee.

Na ule mtaro, usingoje Aprili. Peleka ombi wiki hii. Picha ninazo, nitakutumia.