Bili ya dripu ya MS itenganishwe, dawa kivyake na kiti kivyake

Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni, maana nimekaa nalo tangu dripu yangu ya mwisho na sasa nyingine hiyo inakaribia.

Mimi nina MS, maltipo sklerosisi kwa kirefu, ugonjwa ambao kinga ya mwili wako mwenyewe inageuka inatafuna ule utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, leo mguu una ganzi, kesho jicho linaona ukungu, na wengi unawaanza wakiwa na miaka 20 hadi 40, wanawake kuliko wanaume, yaani umri wa kazi na watoto wadogo. Dawa ya kuumaliza hakuna. Zipo za kuupunguza kasi, na katika zile zenye nguvu, nyingi zinaingia kwa dripu hospitalini, natalizumabu kila wiki 4, okrelizumabu kila miezi 6.

Mi niko kwenye hiyo ya miezi 6. Kabla hawajaanza unapewa steroidi na dawa ya aleji mwili usije ukaikataa, halafu dripu yenyewe masaa mawili mpaka matatu na nusu hivi, halafu unabaki saa nzima nesi anakuangalia kama hujabadilika. Sibishi, huduma hiyo inahitajika na manesi wanajua kazi yao kwakweli. Shida ni bili. Dawa, kiti, nesi, mipira, sijui gharama za idara, vyote vimebanwa kwenye mstari mmoja, ukiuliza dawa peke yake ni shingapi yule wa kaunta anakuangalia kama umemuuliza mshahara wake.

Nikaanza kuuliza uliza. Kumbe hospitali ikishanunua dawa inaongeza chake juu, na mara nyingi hicho chake ni asilimia ya bei ya dawa! Hapo ndo paliponichoma. Kumtundikia mtu dripu ya dawa ghali na kumtundikia ya dawa nafuu kazi ni ileile, mshipa uleule, kiti kilekile, ila kwa hesabu ya asilimia dawa ikipanda bei na faida inanenepa, sasa niambieni nani ndani ya jengo hilo atakuwa na haraka ya kukutajia iliyo nafuu?

Na ya nafuu ipo. Rituksimabu ilipata kibali Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya saratani ya limfu, na inapiga seli zilezile za B, yaani seli za kinga ya mwili, zinazopigwa na okrelizumabu iliyokuja 2017. Hakimiliki yake ilishaisha, kampuni nyingine zinatengeneza zinazofanana nayo. Sweden madaktari wameitumia kwa MS miaka mingi tu japo kibali hakikuandikwa kwa ugonjwa huu, na 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirama. Sisemi watu wote wahamishwe, mwenye MS ile inayozidi pole pole tangu mwanzo okrelizumabu ndio yenye kibali chake, na daktari ndo anamjua mgonjwa wake. Nasema mgonjwa atajiwe, basi.

Kuna mwenzangu mmoja tulikuwa tunakaa viti jirani, yeye alikuwa kwenye ile ya kila wiki 4. Bima ikasumbua, hela ya mfukoni ikakata, akaruka dozi akisema atarudi mambo yakikaa sawa, na dawa ile ukiiacha hivi hivi ugonjwa unaweza kurudi kwa hasira kuliko mwanzo. Alirudi kweli, kwa fimbo, akalazwa, akatundikiwa steroidi siku kadhaa, na hiyo nayo bili.

Kwahiyo ombi langu kwa hospitali ni dogo, tupeni bili iliyochambuliwa, na mtupe kabla ya siku ya dripu sio baada, bei mliyonunulia dawa hapa, ya kiti na nesi pale, na hiyo ya kiti na nesi ihesabiwe kwa masaa niliyokaa sio kwa asilimia ya dawa. Tena tangu 2024 okrelizumabu ipo hadi ya kuchoma chini ya ngozi, dakika 10 hivi imeisha, itakuwa ajabu mtu akae dakika 10 halafu alipie kiti kama aliyeshinda hapo mchana kutwa.

Zamu yangu ni wiki 3 zijazo. Nimeshaomba mchanganuo kwa maandishi, wamesema watanipigia.

Mgonjwa wa MS