Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Arumeru

YAH: MAJINA KATIKA MAKABURI YA WAPOLANDI, TENGERU

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Tunaomba fundi yeyote asiruhusiwe kusugua jiwe wala kupaka rangi herufi pale Tengeru kabla kila jina halijapigwa picha na kunakiliwa.

Makaburi yale, karibu 150, ni ya kambi ya wakimbizi wa Kipolandi iliyoanza mwaka 1942 ikafikia watu wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Mwaka 1940 Wasovieti waliwatoa majumbani kwao mashariki mwa Polandi, wakawasomba kwa mabehewa ya mizigo hadi Siberia na Kazakhstan. Waliachiwa mwaka 1941, wakapitia Iran, ndipo wakafika huku. Vita vilipokwisha mpaka ukasogezwa magharibi, na kwao kukawa nchi ya wengine. Mji wa Wilno leo ni Vilnius, Lithuania; Lwów ni Lviv, Ukraine. Stanisławów ilipewa jina jipya kabisa mwaka 1962, Ivano-Frankivsk. Ndiyo maana mji ukiandikwa kizamani kaburini usisahihishwe: huo ndio mji aliouacha marehemu.

Hatari kubwa ni herufi. Ł ni L iliyokatwa na mkwaju mfupi, yaani kimstari cha mshazari. Rangi ikichakaa, mkwaju ndio hutangulia kufutika, na fundi anayefuatisha anachokiona huandika L tupu, au huona msalaba akaandika t. Ą na Ę zina kijimkia chini. Ż ina nukta juu na Ź ina mkwaju, nazo ni herufi mbili tofauti. Alama moja ikipotea, ukoo umebadilika, na mjukuu anayemtafuta bibi yake kwenye orodha hamwoni.

Kunakili kunataka watu wawili, simu yenye kamera nzuri, tochi na daftari. Kazi ifanywe jioni, au jiwe likingwe kwa turubai. Tochi ilazwe ubavuni mwa jiwe, karibu kabisa, ili mchongo hafifu utupe kivuli. Mwanga wa mbele hufuta kila kitu. Zipigwe picha nne: tochi kushoto, kulia, juu na chini. Herufi isiyosomeka iandikwe kistari. Asibahatishe mtu! Kisha daftari lipitiwe na msomaji wa Kipolandi.

Usafi ufuate baadaye, kwa maji matupu na brashi laini, kuanzia chini kwenda juu, maana maji machafu yakichuruzika juu ya jiwe kavu huacha michirizi. Brashi ya waya hula kingo za herufi. Jiki huacha chumvi ndani ya jiwe. Jiwe likikauka chumvi hiyo hutanuka na kubandua uso pamoja na maandishi. Spiriti ya chumvi, yaani asidi ya haidrokloriki, ndiyo mbaya zaidi, kwani huyeyusha saruji na chokaa papo hapo.

Tunaomba utaratibu huu uandikwe katika kila mkataba wa ukarabati, na nakala za daftari zibaki ofisini kwako na katika ubalozi wa Polandi, Dar es Salaam.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi wa Tengeru