RISALA YA KLABU YA SAYANSI KWA MGENI RASMI, SIKU YA SAYANSI YA SHULE, KONGWA, DODOMA

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na walezi wetu, wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi kwenye jua hili la Kongwa. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu hukutana Jumamosi baada ya usafi. Muhula huu tumesoma jambo ambalo hakuna aliyetuagiza kulisoma: nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Sehemu ya kwanza aliitoa mwaka 1905, akiwa na miaka 26, mkaguzi katika ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi, mjini Bern, Uswisi.

Tulianza na treni ya SGR. Ikiwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, na abiria akatembea kuelekea behewa la mbele, mtu aliyesimama kando ya reli pale Gulwe atajumlisha mwendo wa abiria na wa treni. Hilo halina ubishi. Sasa dereva awashe taa ya mbele. Akili inatutuma tujumlishe vilevile, lakini Einstein alikataa: dereva na yule wa Gulwe, kila mmoja akiipima nuru hiyo, watapata kilomita zilezile, karibu 300,000 kwa sekunde. Mwendo wa nuru ukikataa kubadilika, inabidi muda ndio ubadilike. Saa iliyo safarini huenda polepole ikilinganishwa na za aliyesimama, ingawa kwa mwendo wa treni tofauti ni ndogo mno.

Mwenzetu wa kidato cha tatu aliuliza: nani amewahi kuliona hilo? Mheshimiwa, ushahidi unapita mwilini mwako sasa hivi. Miale kutoka anga za mbali inapogonga hewa, kilomita kama 15 juu yetu, huzaa chembe ziitwazo muoni. Maisha yake ni mikrosekunde 2.2 (sehemu za milioni za sekunde) kwa wastani; kwa hesabu ya kawaida zingekwenda mita 660 hivi na kutoweka. Lakini zinatufikia, zinapenya turubai hili, kiasi cha chembe moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Zinakimbia karibu sawa na nuru, kwa hiyo saa yao, tukiipima sisi, inakwenda polepole. Siku hiyo kipindi kilizidi muda, na mpishi alitulalamikia.

Mwaka 1915 Einstein aliongeza kwamba maada hupinda nafasi na wakati, na kupinda huko ndiko tunakokuita mvutano. Ikiwa ni kweli, nuru ya nyota ikipita karibu na Jua itapinda kidogo, na nyota itaonekana imehama. Hilo lingeonekana tu Jua likipatwa, yaani likifunikwa na Mwezi. Tarehe 29 Mei 1919 mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington alilipiga picha akiwa kisiwa cha Príncipe, Ghuba ya Guinea, huku mawingu yakimsumbua. Kundi jingine lilikuwa Sobral, Brazili. Nyota zilikuwa zimehama kwa kiasi kilichokaribiana na hesabu ya Einstein.

Kilichotugusa ni kwamba kivuli kilekile cha Mwezi hakikuishia Príncipe. Kilivuka Kongo, kikapita kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, na kumalizikia Msumbiji jua likikaribia kuzama.

Mengine yalifuata: ulimwengu unaotanuka, mashimo meusi, na mawimbi ya mvutano yaliyonaswa Marekani Septemba 2015. Hata saa za setilaiti za GPS, ingawa ziko safarini, zinatangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 hivi kwa siku, kwa kuwa huko juu mvutano ni hafifu zaidi. Bila kuzirekebisha, ramani ya simu ingekosea kwa kilomita kama 10 kila siku. Siku ya tano mteja wa bodaboda aliye Area C, Dodoma mjini, angesomeka yuko Bahi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa tena. Kivuli kamili kitapita Misri na Somalia. Sisi huku tutaona limemegwa sehemu. Klabu haina darubini hata moja. Mara nyingi watoto hutazama Jua kwa filamu za eksirei au vioo vilivyofukizwa moshi, na hivyo havilindi macho. Tunaomba utusaidie kupata darubini ndogo yenye kichujio cha jua, pamoja na miwani maalumu ya kutosha shule yetu na shule za msingi jirani. Usiku darubini hiyo itatuonyesha miezi inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita). Anga letu la kiangazi, kama ujuavyo, ni jeupe. Chumba cha kuitunzia tunacho, na ufunguo atakaa nao mwalimu wa fizikia.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, wanachama wa Klabu ya Sayansi.