Kwa mpwa wangu: jezi yako na ng'ombe wa bibi yako

Mpwa wangu mpendwa,

Siku ile ulipoingia zizini kwa bibi yako ukiwa umevaa jezi ya timu yako, uliniuliza kama ng'ombe wetu wa Jersey aliitwa hivyo kwa sababu ya nguo, au nguo ndiyo iliyochukua jina lake. Nilikujibu kwa haraka, ndoo ya maziwa ikiwa mkononi, na jibu lile halikuniridhisha. Ndiyo maana nakuandikia hapa, mbele ya wasomaji wote.

Hakuna aliyempa mwenzake jina. Wote wawili wamelirithi kutoka kisiwa cha Jersey, kilicho karibu na pwani ya Normandy, Ufaransa, ingawa kiko chini ya Mfalme wa Uingereza. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 120 tu, kiasi kwamba Unguja inakizidi zaidi ya mara 10.

Nguo ilitangulia. Katika karne ya 16 na ya 17 wenyeji walifuma soksi ndefu za sufu za kuuza ng'ambo, na kazi hiyo ikawashika hata mashamba yakakosa watu. Mwaka 1608 ikatolewa amri kwamba mtu aliyezidi miaka 15 asifume wakati wa mavuno wala wa kukusanya mwani, ambao kwao ulikuwa mbolea. Waingereza wakauita uzi wa aina hiyo kwa jina la kisiwa, na katika karne ya 19 jina likahamia kwenye vazi zito la kufumwa walilovaa wavuvi na mabaharia, kisha wanamichezo. Sisi tukalitamka jezi, na leo tunaliita hivyo hata likiwa halina sufu hata uzi mmoja.

Habari ya ng'ombe ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1763 kisiwa kilipiga marufuku kuingiza ng'ombe kutoka Ufaransa, sheria ikakazwa mwaka 1789, na katazo la kuingiza mbegu za madume wa nje likadumu hadi mwaka 2008. Kwa zaidi ya karne mbili, basi, wafugaji walichagua majike na madume miongoni mwa mifugo yao wenyewe, na aliyenunua ng'ombe wao akaondoka na jina la kwao. Naiheshimu sana subira hiyo.

Matunda yake unayajua. Maziwa ya Jersey huwa na mafuta karibu asilimia 5, ilhali ya Friesian kwa kawaida hayafiki 4. Ukija likizo, amka mapema, umtazame yule wetu kwa karibu: macho makubwa meusi, uso uliobonyea kidogo, na utepe mweupe unaoizunguka pua yake nyeusi. Kisha umwombe bibi yako akuonyeshe sufuria ya maziwa ya jana yaliyopoa, malai yakiwa yametanda juu, mazito na ya manjano.

Mjomba wako