Kiongezi si kalafati: paneli mpya za sola na hewa ya Lamu

Mhariri,

Sifa za paneli za perovskaiti, aina mpya ya sola isiyotumia silikoni iliyozoeleka, zimefika hadi visiwani, na kila mara huambatana na maneno kwamba "dawa" zinazotiwa ndani yake zimekwisha kuziponya udhaifu. Sisi tunaofunga sola Lamu tunaomba nafasi tueleze dawa hizo zinafanya nini na zinakomea wapi.

Kinachotoa umeme ni utando mweusi wa fuwele, unene wake nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani waligeuza asilimia 3.8 ya nishati ya mwanga kuwa umeme. Leo maabara zinapita 26, ingawa kwa seli ndogo kuliko ukucha. Viongezi, yaani zile "dawa", vina mkono mkubwa hapo. Utando hutokana na myeyusho, na myeyusho ukikauka ovyo fuwele hutoka ndogo ndogo. Umeme hupotelea mipakani mwake, na unyevu hupenyea humo humo.

Mfano mmoja ni kloridi ya methilamoni. Hupimwa viambato vya utando, miligramu 461 za iodidi ya risasi na 172 za iodidi ya formamidini, zikayeyushwa katika mililita 0.7 hivi ya DMF na DMSO, vimiminika vya kuyeyushia, sehemu nne kwa moja. Kisha hutiwa miligramu 24 za kloridi hiyo. Fuwele hukua kubwa na kushikamana, na utando ukiokwa kwa nyuzi 150 kama dakika 10, sehemu kubwa ya kiongezi huondoka na mvuke. Kikizidi, fuwele hukua huku zikiacha matundu katikati, na methilamini iliyosalia kutoka kwenye kloridi hiyo hutoroka baadaye paneli ikipata joto. Myeyusho uliolala nao haufai, kwa kuwa methilamini huungana na formamidini, ukapata kitu kingine kabisa. Bila kiongezi chochote, utando huo wa formamidini hugeuka manjano wenyewe kabatini, hata usipoguswa na tone la maji. Ndiyo maana wengi huongeza na sizi (elementi ya cesium) kidogo.

Vyuo vya pwani vikitaka kujaribu, visianze bila sanduku la kufanyia kazi lililojaa naitrojeni badala ya hewa. Myeyusho ukizungushwa juu ya kioo katika hewa ya hapa ili uwe utando, wakati wa masika hutoka na ukungu wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na hakuna dawa ya kuurudisha. Glavu na feni ya kuvuta mvuke ni lazima: DMF hupenya ngozi, na risasi ni sumu.

Sasa tuje kwenye paa. Mwenye jahazi anajua kwamba mbao za mbambakofi hazimwokoi aliyefanya kalafati ovyo. Kiongezi huchelewesha maji, hakiyazuii. Paneli inayofaa huku iwe na kioo mbele na nyuma, na ukingo wa mpira wa butili pande zote nne. Plastiki ya EVA iliyozoeleka katika paneli za silikoni hutoa asidi ya siki ikipata joto na unyevu, nayo hula perovskaiti, afadhali poliolefini. Dalili ya muhuri kuvuja huonekana kwa macho: mstari wa manjano unaoanzia ukingoni, mara nyingi karibu na pale nyaya zinapotokea, ukisogea ndani. Hiyo manjano ni iodidi ya risasi iliyobaki baada ya fuwele kuvunjika.

Muuzaji akikuonyesha karatasi ya jaribio la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000, ni jaribio zuri, lakini saa hizo ni siku 41 na ushei. Muulize pia kama ni paneli nzima iliyojaribiwa au ni seli ya maabara.

Kuna na hili la jabia, tangi la maji ya mvua, ambalo hatulioni likitajwa. Mita moja ya mraba ya utando ina risasi isiyofika gramu 1, tuseme 0.7. Betri ya asidi ina kilo kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kucheka. Lakini betri haikai juu ya paa linalokinga maji ya kunywa, na iodidi ya risasi huyeyuka katika maji kiasi cha kudhuru. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Kwa hesabu hiyo gramu 0.7 inatosha kufikisha lita 70,000 kwenye kikomo. Paneli ya aina hii iliyopasuka kioo iteremshwe siku hiyo hiyo, na mfereji unaopeleka maji jabiani ukatwe kabla mvua haijanyesha. Kwa nyumba zinazotegemea jabia, tunashauri paneli ifungwe juu ya nguzo uani, si juu ya paa.

Mafundi wa sola,
Lamu